Fundo likiachia, samaki anaondoka na mshale: majibu ya barua zenu

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu jambo moja: mafundo kwenye vifaa vya kuvulia kwa bunduki ya mshale chini ya maji, kwa wale wanaovua mahali sheria inaporuhusu. Tumeziweka pamoja kwa sababu majibu yake yanashikana. Ukishaelewa kwa nini fundo linaloshika kwenye nailoni huteleza kwenye Dyneema, ile kamba ya nyuzi za plastiki imara, utakuwa umejibiwa nusu ya maswali mengine kabla hujayafikia. Humu tunaita "ncha" kile kipande kifupi unachofungia, na "kamba kuu" upande mrefu unaobeba mzigo.

Swali: *Ndugu wahariri, siku zote nimefunga mshale wangu kwa mshipi wa nailoni wa milimita 1.6, kwa lile fundo la kitanzi liitwalo bolini, na sijapata shida. Nikaambiwa Dyneema ya milimita 2 ni imara zaidi, nikahamia huko kwa fundo lile lile. Samaki wa kwanza mkubwa kaondoka na mshale. Ajabu ni kwamba kamba haikukatika. Nimeivuta juu ikiwa nzima, ncha imenyooka. Nimekosea wapi?*

Jibu: Hiyo ncha iliyonyooka imeshakueleza: kamba haikushindwa, fundo ndilo lililoteleza hadi likafunguka. Kufunga hukukosea. Kosa ni kuchukua fundo la kamba moja na kulihamishia kwenye kamba nyingine.

Dyneema ni polithini, jamii moja na plastiki ya mifuko, ila molekuli zake ni ndefu mno na zimelazwa zikielekea upande mmoja. Ndiyo maana kwa uzito ule ule inaishinda nyaya ya chuma kwa nguvu, na ndiyo maana inaelea. Lakini uso wake una utelezi mkubwa, na fundo lolote linaishi kwa msuguano. Bolini inaibana ncha kwa mzunguko mmoja tu. Nailoni inaridhika na mzunguko huo kwa sababu ina mkwaruzo na inavutika kidogo. Dyneema karibu haivutiki kabisa, kwa hiyo kila mshtuko wa samaki unafika kwenye fundo ukiwa mzima, na kila mshtuko unaisogeza ncha kidogo. Mishtuko kumi, ncha imekwisha.

Dawa yake ni fundo lenye mizunguko mingi. Kwa Dyneema ya milimita 1.5 hadi 2 kwenye tundu la mkia wa mshale, tunapendekeza fundo la yuni, la mizunguko sita. Pitisha ncha kwenye tundu na uvute sentimita 30 upande wa pili. Ilaze ncha sambamba na kamba kuu, kisha ikunje irudi kuelekea kwenye mshale, ili upate kitanzi kikubwa kilicholala kando. Sasa chukua ncha uizungushe ndani ya kitanzi hicho, ikikumbatia nyuzi mbili kwa pamoja: kamba kuu na ule mguu wa kwanza wa ncha. Fanya hivyo mara sita, kila mzunguko ukilala kando ya mwenzake, usipande juu yake. Lowesha kwa maji au mate. Vuta ncha taratibu mpaka mizunguko ijipange, halafu vuta kamba kuu ili fundo lote liteleze hadi kwenye mshale. Mwisho shika ncha kwa koleo na kamba kuu kwa mkono wenye glavu, ukaze kwa nguvu zako zote.

Acha ncha ya sentimita 3, na juu yake piga fundo dogo la kawaida la kuzuia. Watu wengi hukata ncha karibu kabisa na fundo ili paonekane nadhifu. Kwenye Dyneema unadhifu huo ni hatari, kwa sababu fundo jipya hula ncha kidogo kila linapopata mzigo wake wa kwanza. Likishakula sentimita moja, linatulia. Lisipokuwa na cha kula, linafunguka.

Mambo mawili huharibu fundo hili hata likifungwa sawasawa. Moja ni kukaza likiwa kavu na kwa haraka. Dyneema inayeyuka karibu nyuzi 150 za Selisiasi, wakati nailoni huvuka 200, na inaanza kudhoofika mapema kabla ya kuyeyuka. Joto la msuguano ndani ya fundo kavu linatosha kuiumiza mahali ambapo huoni. La pili ni Dyneema yenye ala, yaani yenye kiini ndani na koti la poliesta nje. Koti hilo linashika fundo vizuri, ila kiini kinaweza kuteleza ndani ya koti. Kabla ya kufunga, kata ncha upya na uyeyushe koti na kiini vishikane.

Kama bunduki yako ina kichwa kilichofungwa, ambacho mshale hupita ndani ya pete, usukume mshale kwa mkono kupitia pete hiyo baada ya kufunga. Fundo likigusa pete hata kidogo, mshale utapinda njia kila unapofyatua, nawe utailaumu shabaha yako bure.

Swali: *Kwa hiyo nirudi kwenye nailoni? Kipi bora?*

Jibu: Inategemea chini pakoje. Dyneema iliyokazwa ikigusa mwamba au matumbawe hukatika upesi. Nyuzi zake ni laini na kila mkwaruzo unakata kadhaa. Mshipi mnene wa nailoni, milimita 1.6 hadi 2, una uso mgumu na huvumilia mikwaruzo hiyo vizuri zaidi, nao kwa kuvutika kwake hupunguza mshtuko kabla haujafika kwenye nyama ya samaki. Dyneema ni laini mkononi, haikumbuki mikunjo ya mahali ilipozungushiwa, na inafaa sana kwenye rili (gurudumu la kukunjia kamba kwenye bunduki) na kwenye maji ya wazi yasiyo na miamba. Wengi huchanganya: Dyneema kwenye rili, nailoni kwenye mshale. Nasi tunaona mpango huo una akili.

Swali: *Mshipi wangu wa nailoni ni wa milimita 1.8. Kila nikijaribu kuupiga fundo, unakataa kukaza. Rafiki yangu anabana kwa slivu, kile kibomba kifupi cha metali, na koleo la kawaida la fundi umeme. Hilo linatosha?*

Jibu: Slivu ndiyo njia sahihi kwa mshipi mnene hivyo, lakini koleo la fundi umeme siyo. Meno yake yanabana mahali pamoja na kuacha kona kali ndani; mshipi unakatika hapo hapo, tena ukiwa mpya. Tafuta koleo la slivu lenye vishimo vya mviringo, na uchague kishimo kinacholingana na slivu yenyewe.

Slivu iwe ya matundu mawili au ya umbo la yai, ya kipenyo kinachouruhusu mshipi wako kupita mara mbili kwa kusukuma kidogo. Ikipwaya, hata ukibana vipi haitashika. Pitisha ncha kwenye slivu, kwenye tundu la mshale, kisha irudi kwenye slivu, itokeze milimita 5. Sogeza kiberiti cha gesi karibu na ncha bila kuigusa mpaka iyeyuke na kujikunja iwe kichwa kidogo cha duara, iache ipoe, halafu vuta ili kichwa hicho kikae kwenye mdomo wa slivu. Ncha ikianza kuteleza, kichwa kitaizuia. Moto usifike kwenye mshipi ulio ndani ya slivu. Bana katikati kwanza, kisha pembeni, lakini uache milimita moja kila mwisho bila kubanwa, ili midomo ya slivu ibaki imepanuka kidogo. Midomo ikibanwa hadi mwisho huwa makali yanayokata.

Slivu za alumini hazidumu zinapogusana na mshale wa chuma cha pua ndani ya maji ya chumvi: metali mbili tofauti zikikaa pamoja kwenye chumvi, iliyo dhaifu huliwa, na hapo inayoliwa ni alumini. Utaona unga mweupe. Slivu za shaba hudumu zaidi, ila nazo kagua.

Kama umefika ufukweni na koleo umeliacha nyumbani, yuni ya mizunguko mitatu inashika kwenye nailoni ya milimita 1.6 ukiilowesha na kuikaza kwa koleo lolote, taratibu. Kwenye milimita 1.8 na kuendelea mizunguko haijipangi vizuri. Afadhali fundo la namba nane, lenye umbo la 8: kunja mshipi, piga namba nane kwenye kamba kuu kwanza, pitisha ncha kwenye tundu la mshale, kisha irudishe ikifuata njia ile ile ya namba nane hadi mwisho. Ni fundo nene, lakini linaaminika mpaka jioni.

Swali: *Mipira ya bunduki yangu, ile inayousukuma mshale, naifunga mwenyewe. Mara mbili uzi wa katikati, ule unaokaa kwenye meno ya mshale, umechomoka ndani ya mpira wakati navuta. Mara ya pili mpira ulinipiga mdomoni. Nifanye nini usichomoke tena?*

Jibu: Pole sana. Barua hii tumeijibu kwa urefu kuliko zote, kwa sababu mpira uliovutwa una nguvu ya kuvunja jino au kuumiza jicho, na barakoa ya kuzamia haifuniki uso wote.

Uzi huo huchomoka kwa sababu moja kati ya tatu: kichwa (fundo la mwisho wa uzi) kilicho ndani ya mpira ni kidogo mno, fundo la nje limefungwa mahali pasipofaa, au fundo lenyewe si la kubana. Vitatu hivi vinafanya kazi pamoja. Fundo la nje halishikilii uzi moja kwa moja. Kazi yake ni kuufinya mpira nyuma ya kichwa ili kichwa kisipite.

Anza na mpira. Ukate kwa wembe mpya, mkato mmoja ulionyooka. Mkato wa mshazari hufanya upande mmoja uvutike kuliko mwingine, na hapo ndipo mpasuko huanzia. Uzi wa katikati uwe Dyneema ya milimita 1.8 au 2. Kila mwisho wake piga fundo la kawaida lenye mizunguko miwili badala ya mmoja, likaze kwa koleo, acha ncha ya milimita 4 kisha ichome kidogo. Kama tundu la mpira ni pana, milimita 3 au zaidi, visha ushanga mgumu kabla ya kupiga fundo, ili fundo lizuie ushanga na ushanga ujaze tundu. Kichwa kiwe kinene kuliko tundu, kiingie kwa kusukumwa. Lowesha kwa maji ya sabuni. Usitumie mafuta ya aina yoyote, maana mafuta huoza mpira. Sukuma kichwa kwa kijiti butu au koleo jembamba la daktari hadi kifike sentimita 1.5 ndani.

Sasa fundo la kubana. Chukua uzi wa Dyneema wa milimita 1.2 hadi 1.5, urefu wa sentimita 50. Uzungushe kwenye mpira mara moja, na ncha ipite juu ya uzi wa kwanza kwa mshazari. Endelea mzunguko wa pili upande wa pili wa mshazari huo. Ncha ikirudi mbele, ipitishe juu ya uzi wa kwanza, halafu ichomeke chini yake na chini ya ule mshazari kwa pamoja. Ukimaliza, angalia: nyuzi mbili zinapaswa kuwa zimesokotana mara moja, kama hatua ya kwanza ya kufunga kamba za viatu, na juu ya msokoto huo unapita uzi mmoja wa mshazari unaoukandamiza. Kama huuoni msokoto chini ya mshazari, hapo umefunga fundo jingine linalofanana nalo, nalo litalegea.

Fundo likae kati ya kichwa na mwisho wa mpira, karibu milimita 6 hadi 8 kutoka kwenye mkato. Likikaa juu ya kichwa, litateleza kwa upande mmoja au mwingine. Likikaa mbele yake, kwenye upande wa urefu wa mpira, kichwa hakina kitu cha kukizuia, na nadhani hilo ndilo lililokutokea: mpira unaonekana umefinywa vizuri, kumbe umefinywa mahali pasipohusika.

Kukaza kwa vidole hakutoshi, na uzi utakukata. Zungusha kila ncha kwenye mpini wa bisibisi, mara tatu au nne, kisha vuta pande mbili kwa uzito wa mwili, pumzika kidogo mpira ujipange, vuta tena. Mpira unapaswa kufinywa hadi uonekane kama nusu ya unene wake. Funga fundo la pili la namna hiyo hiyo likiwa limegusana na la kwanza, msokoto wake ukikaa upande wa pili wa mpira. Ncha zilizobaki zifunge fundo bapa juu (vifundo viwili vya kawaida, cha pili kikielekea upande wa kinyume), kata, acha milimita 5. Ukizichoma, weka kitambaa chenye maji juu ya mpira.

Uzi usiwe mwembamba kuliko milimita 1. Uzi mwembamba hushika vizuri sana siku ya kwanza, halafu unaanza kuukata mpira kimyakimya. Na mshipi wa nailoni usiutumie hapa kabisa. Ni mgumu, haujibani kwenye mpira, na msokoto wake hurudi nyuma.

Kujaribu: vaa miwani ya fundi, ning'iniza uzi wa katikati kwenye kitu kisichosogea, vuta mpira hadi mara tatu ya urefu wake, ukisimama pembeni na uso nje ya mstari wa mpira. Shikilia hivyo dakika moja. Achia taratibu na uangalie kama kichwa kimesogea. Weka alama ya kalamu mapema ili usikisie. Usijaribu kwa kupakia bunduki nchi kavu.

Na kila unapopakia majini, geuza uso pembeni ya mstari wa mipira. Hilo halina gharama.

Swali: *Dyneema yangu haina kiini, iko wazi ndani. Nimesikia inaweza kuunganishwa bila fundo. Ni kweli, na je, ni kwa wataalamu tu?*

Jibu: Ni kweli, na ukijifunza leo jioni kesho utaiweza. Kamba yenye uwazi ndani unaweza kuifichia ncha yake ndani ya mwili wake yenyewe. Ikivutwa, msuko unaibana ncha kwa urefu wote, bila kona kali. Fundo kwenye Dyneema huweza kupoteza nusu ya nguvu ya kamba au zaidi. Kiungo hiki kinapoteza kidogo sana.

Kanuni ya watengeneza kamba ni kuficha urefu wa mara 72 ya kipenyo. Kwa milimita 2 hiyo ni milimita 144, basi chukua sentimita 15. Pitisha ncha kwenye tundu la mshale kwanza, na uache nafasi ya kitanzi. Kunja waya mwembamba wa chuma katikati, uuingize ndani ya kamba kuu sentimita 15 na kidogo mbali na shingo ya kitanzi, uusukume ndani ya uwazi kuelekea kwenye shingo, utokeze hapo. Pitisha ncha kwenye kikunjo cha waya, kisha vuta waya urudi nayo. Kabla ya kuvuta, ichongoe ncha: ondoa nyuzi mojamoja kwa mkasi, kila moja mahali tofauti, katika sentimita 4 za mwisho, ili unene uishe polepole. Usipoichongoa, pale ncha inapokwisha ghafla ndipo kamba itakapokatika. Baada ya kuvuta, shika shingo na usugue kamba kuu kwa vidole kuelekea mwisho hadi msuko ulale.

Udhaifu wake ni mmoja: kikiwa hakina mzigo, ncha inaweza kutoka taratibu, na kamba ya mshale hukaa bila mzigo muda mrefu. Ishone shingoni kwa uzi imara, mishono sita ikipita katikati ya zote mbili.

Swali: *Kamba ya boya langu ni nene, milimita 8, na nataka kuiunganisha na kipande cha milimita 4. Fundo gani?*

Jibu: Usiziunganishe moja kwa moja. Piga kitanzi cha namba nane mwishoni mwa kila moja, kisha pitisha kitanzi kimoja ndani ya kingine na mwili wake wote ndani yake, vishikane. Au weka pete na klipu yenye kizungushi kati yao, jambo linaloondoa pia misokoto ambayo boya huitia kamba kwa kuzunguka juu ya mawimbi.

Watu wengi hutumia bolini kwenye boya. Inafaa, ila mawimbi huilegeza na kuikaza mchana kutwa, nayo bolini hufunguka ikiwa imelegea. Ifanye ya vitundu viwili: badala ya kitundu kimoja kidogo kwenye kamba kuu, fanya viwili vilivyolaliana, pitisha ncha ndani ya vyote, nyuma ya kamba kuu, irudi ndani ya vyote. Ncha iliyobaki izungushe mara mbili kwenye mguu wa kitanzi ulio jirani, ipite ndani ya mizunguko hiyo, kaza. Kwa kamba ya milimita 8 hiyo ncha iwe sentimita 15.

Na tafadhali, upande wa pili wa kamba hiyo usiufunge kwenye kifundo cha mkono, kiunoni, wala kwenye mkanda wa vipande vya risasi vya kuzamia kwa fundo. Uwe kwenye mpini wa bunduki, kwa klipu unayoweza kuifungua kwa mkono mmoja wenye glavu. Samaki mkubwa akiingia chini ya mwamba, au boti ikinasa boya, lazima uweze kuachia mara moja. Kisu kiwe mahali ambapo mikono yote miwili inafika.

Swali: *Uzi kwenye rili unazunguka wote kwa pamoja juu ya gurudumu, haushiki.*

Jibu: Ni ule utelezi tena. Kama gurudumu lina tundu, pitisha ncha, piga yuni. Kama halina, funga yuni kuzunguka gurudumu, kisha zungusha mkanda wa nguo wa kubandika, tabaka moja juu ya mizunguko mitano ya kwanza. Jaza hadi ibaki milimita 4 chini ya ukingo. Ukijaza zaidi, uzi ukilegea utaruka ukingo na kunasa kwenye mhimili.

Swali: *Kamba yangu imeandikwa kilo 200. Samaki aliyeikata hakufika hata kilo 20. Je, nimeuziwa kamba bandia?*

Jibu: Huenda, lakini angalia mahali ilipokatika kabla ya kumlaumu muuzaji. Namba iliyoandikwa ni ya kamba mpya, iliyonyooka, isiyo na fundo, ikivutwa polepole. Samaki anapiga ghafla, na kamba yako ina fundo na tundu la chuma.

Ncha iliyokatika husema mengi. Ikiwa imekatika sawasawa karibu na mshale, tundu lina ukingo mkali. Pitisha pamba ndani yake. Ikinasa nyuzi, lainisha kingo zote mbili kwa msasa laini uliosokotwa, pande zote. Ikiwa imechanua na kuchakaa sehemu ndefu, ni mwamba. Ikiwa inang'aa na ngumu kama plastiki iliyoyeyuka, kamba imeteleza ndani ya fundo na kujichoma. Mshipi wa nailoni ukirudi na mwisho uliojikunja mizunguko midogo, haukukatika: fundo lilifunguka. Na ukikuta imekatika pale kamba kuu inapoingia kwenye fundo, hapo ndipo mahali pa kawaida, kwa sababu mzigo wote unapinda kwa mara ya kwanza hapo. Kamba ilizidiwa kweli, au fundo lilikuwa na mizunguko iliyopandana.

Nailoni pia hunywa maji na kupoteza sehemu ya nguvu yake ikiloa, kwa hiyo hata ile namba ya dukani si ya baharini. Chagua kamba ambayo nusu ya nguvu yake iliyoandikwa bado inakutosha kwa mbali.

Swali: *Nifunge upya kila baada ya muda gani?*

Jibu: Usihesabu siku, hesabu yaliyoipata kamba. Baada ya kila safari suuza kwa maji yasiyo na chumvi, kisha pitisha sentimita 30 za mwisho, zile za karibu na mshale, kati ya kucha mbili. Ukihisi mkwaruzo, doa jeupe kwenye nailoni, au sehemu nyembamba kwenye Dyneema, kata hapo na ufunge upya. Samaki mkubwa akikuzungushia kamba kwenye mwamba, kata hata kama huoni kitu. Ndiyo maana kamba ya mshale ikatwe ndefu kidogo tangu mwanzo, mita moja ya ziada ikikaa kwenye rili. Mipira ikague shingoni, palipofinywa, kwa kuivuta kidogo kwenye mwanga: mipasuko midogo inayofunguka hapo haina fundo la kuiokoa, na ukibadilisha mpira mmoja badilisha na mwenzake, la sivyo mmoja utavuta kuliko mwingine na mshale utakwenda kombo.